Mibonyezo Minne

Kwa mujibu wa karatasi, mama aliyekaa mbele ya Yunisi Mughwai alikuwa amepewa makopo tisa ya dawa ya pumu tangu Mei. Kwa mujibu wa masikio, hakuwa na hata moja. Kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi, na Yunisi aliisikia tangu mama huyo alipokuwa mlangoni akivua ndala.

Yunisi alikuwa mkaguzi wa madai wa mfuko mmoja wa bima ya afya, ofisi ya Singida mjini. Kazi yake ilikuwa kutoamini, na ilimkaa vizuri. Hata nyumbani, mumewe akisema ameshakula, alikwenda kufunua sufuria. Wiki moja nyuma aliona kwenye kompyuta yake jina la Theresia Amosi, miaka hamsini na nane, mgonjwa wa Kituo cha Afya Ushindi, Iguguno. Inhela tisa ndani ya miezi mitatu. Mara tisa kuwekwa kwenye nebulaiza, ile mashine ya umeme inayogeuza dawa kuwa mvuke. Na spesa moja, kile kichupa cha kiwandani ambacho mgonjwa huvutia dawa. Inhela moja ina mibonyezo mia mbili, na hakuna kifua kinachomaliza tisa kwa miezi mitatu. Yunisi akaamini kabisa kwamba huyu mama anauza dawa za mfuko, akaifunga kadi yake ya bima kwa mkono wake mwenyewe.

Mama akaenda duka la dawa mjini na cheti, akarudishwa. Mwanawe, mwalimu, akaandika malalamiko. Ndiyo maana leo, Jumatatu ya mwisho ya Julai, Yunisi alikuwa amekaa kwenye chumba cha kumbukumbu cha Ushindi, saa saba na nusu mchana, na fomu tisa mbele yake. Saa kumi kamati ya mfuko ingekaa kupitia kadi zilizofungwa. Kadi isiyokuwa na maelezo ya mkaguzi saa hiyo ingebaki imefungwa hadi Oktoba. Nje ya dirisha watu walikuwa wakipepeta alizeti, na vumbi lake lilikuwa limeshatua mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Singida leo?"

"Leo asubuhi. Pole na kifua."

"Nimeshazoea. Msimu huu wa kupepeta ndio unaonimaliza."

"Nyumbani una dawa ya kuvuta?"

"Sina."

"Hujawahi kupewa kopo ukaondoka nalo?"

"Kopo ni la sista. Anabonyeza, mimi navuta, analirudisha kwenye droo yake."

"Na ile mashine ya umeme, unayovikwa puani?"

"Naiona kabatini. Imefunikwa kitambaa." Theresia alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza samani za jirani. Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu. "Mimi navutia hii."

Ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita. Kitako chake kilitobolewa tundu la umbo la yai, kingo zake zimeungua na kukauka. Juu yake kilibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: THERESIA A.

"Dawa inaingizwa huku kwenye kitako, mdomo naweka huku. Sista Felista ndiye aliyenitengenezea."

Yunisi aliigeuzageuza ile chupa na moyo wake ukachangamka, maana mkaguzi naye ni binadamu na hupenda kushinda. Mfuko umelipia spesa ya kiwandani, mgonjwa amepewa chupa iliyokwisha kunywewa maji. Akaandika jina la Felista kwenye daftari na kulipigia mstari.

"Umekuja hapa mara ngapi tangu Mei, mama?"

"Tarehe sizishiki. Lakini nakuja Jumamosi ya mnada. Jirani analeta magunia kwa trekta, na mimi napanda juu ya magunia. Siku nyingine nani anibebe? Leo nimekuja na bodaboda kwa sababu umeniita wewe."

"Fomu unasaini?"

"Sijui kuandika. Naweka dole."

"Moja kila ukija?"

Theresia alifikiri. "Ile siku ya kwanza niliweka nyingi. Niliambiwa mtandao ukisumbua nitarudishwa, bora niweke kabisa za akiba."

"Nani alikwambia?"

"Hapo dirishani pa bima. Kioo chenyewe wamekipaka rangi, mtu unaona mkono tu."

Yunisi hakushangaa. Vituo vingi vya huku mgonjwa husaini kwanza, karatasi tupu, maana mtandao ukikatika hakuna anayetaka kumrudisha mtu kilomita ishirini kwa ajili ya saini. Alikuwa amelalamikia jambo hilo kwenye ripoti tatu. Akaliandika mara ya nne, akamwomba Theresia akae kwenye benchi la kivulini, mbali na wapepetaji.

*

Felista alikuwa nesi mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na chumba chake cha matibabu kilinuka spiriti. Kwenye rafu ya juu chupa kumi na saba zilipangwa mstari, kila moja na plasta yake na jina lake. Pembeni kulikuwa na jiko dogo la mafuta ya taa na waya wa seng'enge uliokunjwa umbo la yai.

"Hiki ni kiwanda," alisema Yunisi.

"Ni kiwanda, dada. Wa mbali wananiachia chupa zao hapa."

"Umetengeneza ngapi?"

"Thelathini na moja. Natumia za maji tu. Watu wananiletea za mafuta ya alizeti, wanasema ni zilezile. Za mafuta hata uoshe na sabuni mara tano, harufu haitoki, na mgonjwa wa pumu utamuua kwa harufu."

"Nani alikufundisha?"

"Chuoni. Spesa ikikosekana, chupa inafaa. Dawa inafika kifuani vizuri tu."

Yunisi alilijua hilo. Alikuwa nesi kabla hajawa mkaguzi. Hakutaka kulijua kwa wakati huo. "Na Mfuko umelipia spesa thelathini na moja za kiwandani. Ziko wapi?"

Felista alimtazama mkaguzi, akatazama rafu, akamtazama tena mkaguzi. "Za kiwandani sijaziona tangu nihamie hapa."

"Na nebulaiza?"

"Imeungua tangu Februari. Niliandika barua mbili."

"Fomu zina jina lako na saini yako."

"Mimi siandiki fomu, dada. Mimi naandika kijikaratasi, nampelekea Stanley wa madai. Jina la mgonjwa, dawa, nimembonyezea mara nne."

"Mara nne daima?"

"Nne. Kopo ninalopewa ni moja, na nikiomba la pili naambiwa Mfuko haujalipa."

Hilo lilimchoma Yunisi, kwa sababu Mfuko ulikuwa umelipa, na aliyeidhinisha ni yeye. Akanyoosha mkono. "Nioneshe hilo kopo."

Felista alifungua droo kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Ndani kulikuwa na inhela moja ya bluu na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Kila ukurasa ulijaa vijiti vilivyofungwa vitano vitano, na pembeni tarehe na majina.

"Kopo hili halina namba ya kuonesha dawa imebaki kiasi gani," alisema Felista. "Ukilitikisa linakudanganya, gesi inabaki hata dawa ikiisha. Kwa hiyo nahesabu. Mia mbili zikitimia natupa."

Yunisi aliketi na daftari hilo karibu nusu saa. Daftari linaweza kuandikwa usiku mmoja ili kumridhisha mkaguzi. Alikwisha kuyaona ya namna hiyo, wino mmoja toka mwanzo hadi mwisho na mwandiko usiochoka. Hili halikuwa hivyo. Kalamu ya bluu ilififia Mei ikafuatwa na nyeusi, Juni kurasa mbili zilikuwa na doa la aidini, na mahali pamoja kijiti kilikatwa na kuandikwa: *nimekosea, alikohoa*. Kopo la kwanza liliisha Juni. La pili lilikuwa limefika mia moja tisini na sita.

Kwa hiyo makopo mawili. Mibonyezo mia tatu tisini na sita, nne kwa kila mgonjwa, ni mahudhurio tisini na tisa. Madai ya Ushindi kwa miezi hiyo yalikuwa ya inhela mia moja thelathini na moja.

Akamtafuta Theresia. Alikuwepo mara nne: Mei kumi, Mei thelathini na moja, Juni ishirini na moja, Julai kumi na mbili. Yunisi alifungua kalenda ya simu. Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi.

"Kuanzia Juni kumi na sita hadi kumi na tisa hakuna kijiti hata kimoja," alisema.

"Nilifiwa na kaka. Nilikuwa Kinampanda kwenye mazishi."

"Droo alibaki nayo nani?"

"Hakuna. Ufunguo nilizikia nao." Felista alishika kamba ya shingoni, akaona aibu kidogo. "Nilisahau kuuacha. Niliporudi wagonjwa walinisema sana."

Yunisi alirudi kwenye fomu tisa. Mbili kati yake zilikuwa za Juni kumi na saba na kumi na nane, na zote mbili zilikuwa na saini ya Felista. Akafungua daftari lake mwenyewe na kuufuta ule mstari chini ya jina la nesi. Aliufuta kwa kidole kilicholowa mate, akaona haya, kisha akaendelea na kazi.

*

Stanley wa madai alimpokea kwa heshima zote. Chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na feni. Kijana nadhifu, shati limenyooka, na ukutani amebandika orodha ya namba za huduma, maana kwa Mfuko kila kitu kina namba yake: kidonge namba yake, mshono namba yake, inhela namba yake.

"Karibu madam. Soda?"

"Asante, nimekunywa maji. Nieleze kijikaratasi cha Felista kinageukaje kuwa dai."

Stanley aligeuza kompyuta ili Yunisi aone. Alieleza vizuri, na Yunisi alipenda watu wanaoeleza vizuri kiasi cha kuwaogopa.

"Hapa, madam. Nesi ameandika mibonyezo minne. Sasa tazama sehemu ya kiasi. Nikiandika nne, mfumo unajua ni makopo manne, unakataa. Nikiandika sehemu ya kopo, unakataa. Unataka moja, mbili, tatu. Mfumo haujui mbonyezo, unajua kopo. Kwa hiyo naweka moja."

"Kopo zima kwa mibonyezo minne."

"Nifanyeje? Niache bila kudai? Na chupa haina namba, nikaweka namba ya spesa. Na kumbonyezea mgonjwa akiwa hapahapa hakuna namba, iliyo karibu ni ya nebulaiza. Niliuliza kwa simu ofisini kwenu, niliambiwa nitumie iliyo karibu."

Kilichomuudhi Yunisi ni kwamba aliamini. Ofisini kwao simu hiyo ingeweza kupokelewa na mtu yeyote mwenye njaa ya saa saba, na jibu lingekuwa hilohilo. Mfumo huo alikuwa ameushuhudia ukikataa robo chupa ya dripu. Hapa kulikuwa na kosa kubwa, la kijinga, ambalo lingeweza kumtokea karani mwaminifu kabisa, na ambalo nusu yake ni la Mfuko.

Saa tisa na dakika kumi. Nje Theresia alikohoa, kikohozi kirefu kilichoishia kwenye filimbi.

"Nimekuelewa," alisema Yunisi. "Kwa hiyo kila dai lina mgonjwa aliyekuja."

"Kila moja, madam."

"Basi nisaidie kitu kidogo. Hizi ni fomu tisa za mama Theresia. Zipange."

"Kwa tarehe?"

"Kwa wino. Anza na dole lililokolea zaidi."

Stanley alicheka kidogo, kisha akaona mkaguzi hacheki. Akaanza kupanga. Tatu zilikuwa na alama za dole nzito za zambarau, zilizokolea sawasawa, akaziweka pamoja. Zilikuwa za Jumamosi za Mei thelathini na moja, Juni na Julai. Zilibaki sita. Ya kwanza ilikolea hadi mistari ya kidole ikajaa wino. Ya pili ilionesha mistari vizuri. Ya tatu ilipauka katikati. Ya nne ilikuwa nusu duara. Ya tano kivuli. Ya sita ilibidi aielekeze dirishani ili aione.

"Sasa nisomee tarehe kwa huo mpangilio."

"Mei kumi. Juni kumi na saba. Julai nane. Mei ishirini na moja."

"Endelea."

"Juni kumi na nane. Juni tano."

"Mtu anakuja mara sita kwa miezi miwili, kila mara anachovya dole kwenye wino. Mbona wino unapungua kama umechovywa mara moja tu?"

Stanley alizilinganisha kingo za zile karatasi sita.

"Sasa namba za fomu, zile za juu kulia."

"Mia nne na kumi," alisoma taratibu. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu." Aliacha.

"Kumi na nne na kumi na tano, nitakumalizia. Fomu ya mia nne kumi na mbili inasema Julai nane. Kitabu chenu kufika Julai nane kilikuwa mia saba na tisini. Nimekikagua asubuhi." Yunisi alisogeza kiti. "Dole moja, wino mmoja, karatasi sita, siku ya Mei kumi. Moja ni ya kweli. Tano ulizitoa kwenye droo moja moja ulipozihitaji, bila kutazama mfuatano. Na mbili kati ya hizo ukaziandika siku ambazo Felista alikuwa anazika kaka yake na ufunguo uko shingoni."

"Madam, huenda nilichanganya tarehe."

"Tano? Na hakuna hata moja iliyoangukia Jumamosi? Huyu mama hawezi kufika hapa siku isiyo ya mnada. Trekta haiji."

Feni ilizunguka. Stanley aliielekeza tena dirishani ile karatasi ya sita, kana kwamba dole lingeweza kukolea.

"Kosa la kopo ni la kweli," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nakuapia. Mwanzoni sikuiba kitu. Mwisho wa mwezi mkurugenzi wa kituo akaona hesabu imepanda, akafurahi. Akaweka motisha, asilimia ya madai. Nikaona mfumo haujauliza kitu kwa yale ya kweli, sasa kwa yale mengine utauliza nini?"

"Mengine ni thelathini na mbili."

Aliinua macho. "Umejuaje?"

"Felista anahesabu."

Yunisi aliandika maneno ya mkurugenzi kama yalivyosemwa, pamoja na saa. Hilo lilikuwa na siku yake. Leo lilikuwepo jingine, na saa ya ukutani ilisema tisa na nusu. Mfuko unaweza kufunga kadi na kufungua, lakini dai likishaingia hufutwa na kituo chenyewe, kwa nywila ya aliyeliingiza. Bila kufutwa, kompyuta ya kamati ingeendelea kuonesha makopo tisa, na Theresia angesubiri hadi Oktoba.

"Yafute," alisema. "Matano yote ya uongo, na yale manne uyaandikie kwamba ni mibonyezo, si makopo. Sababu andika mwenyewe."

"Nikifuta nimekiri."

"Umeshakiri. Sasa unachagua kama mama huyu atavuta pumzi mpaka Oktoba."

"Nimpigie kwanza mkurugenzi."

"Mpigie. Ukimaliza kuongea naye itakuwa saa kumi na robo."

Stanley alishika simu. Ndipo mlango wa chumba cha matibabu ukasukumwa na Felista akapita barazani mbio, ufunguo mkononi, bila kuwatazama. Yunisi akasimama. Kupitia dirishani alimwona Theresia ameinama kwenye benchi, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Upepo ulikuwa umegeuka, ukaleta makapi yote ya alizeti upande wa kivuli. Yunisi ndiye aliyemweka pale.

"Inua kichwa, mama. Chupa yako hii hapa," Felista alikuwa akisema. Aliingiza kopo kwenye kitako cha chupa, akalitikisa, akabonyeza. "Vuta taratibu. Vuta. Moja."

Yunisi alisogea karibu zaidi na dirisha.

"Mbili. Pumua kwanza. Tatu."

Stanley aliweka simu mezani, uso wa kioo ukiwa chini.

"Nne," alisema Felista. Kisha, kwa sauti ileile ya kazi, "Limeisha. Mia mbili."

Ilichukua dakika chache kabla mabega hayajatulia. Felista alichora vijiti vinne kwenye daftari lake akiwa amechuchumaa vumbini, akapiga mstari chini yake, akaandika KWISHA. Halafu akabaki ameshika kopo tupu, maana kwenye droo hakuna jingine.

Yunisi alisikia vidole vya Stanley vikianza kugonga kibodi. Alisimama nyuma yake na kusoma kila neno. *Dai limefutwa. Huduma haikutolewa. Fomu ilisainiwa tupu.* Mara tano. Stanley alikuwa analia kimya kimya, akijifuta kwa mkono wa lile shati lililonyooka, na Yunisi hakumpa leso. Saa tisa na dakika hamsini na mbili alituma maelezo yake kwa kamati. Alianza na sentensi iliyomgharimu kuliko zote: *Kadi hii niliifunga mimi, na nilikosea.* Saa kumi na dakika saba simu yake ilitetema. Kadi imefunguliwa.

Alitoka na karatasi moja ya maelezo ya shahidi na kipedi cha wino, akachuchumaa mbele ya benchi.

"Mama, kadi yako imefunguka. Gari langu linarudi mjini, tutapita wote duka la dawa, utapata kopo lako mwenyewe. Imebaki uweke dole hapa, kwamba uliyoniambia ni kweli."

Theresia alikuwa ametulia, lakini alikuwa amesikia. Dirisha la Stanley lilikuwa wazi muda wote. Hakunyoosha mkono.

"Imeandikwa nini?"

Yunisi alimsomea mstari kwa mstari: trekta, mnada, chupa, mashine yenye kitambaa. Pale alipoandika *mara nne*, mama alitikisa kichwa kukubali.

"Karatasi ni ngapi?"

"Moja."

"Inua hiyo, nione chini yake."

Yunisi aliinua. Chini yake kulikuwa na goti lake tu. Theresia alichovya dole, akalikandamiza mara moja pale alipooneshwa, na kabla mkaguzi hajafunga kipedi akalifuta kwenye kitenge chake, upande huu na upande huu, mpaka likawa safi.